Jina Limepanda Kitonga, Magoti Yamebaki Dar

Msyuuu! Dirisha dogo la usajili likifunguliwa tu kila msimu, pale kijiweni Kabwe, Mbeya, mazungumzo ya bei ya mbolea hukatika. Bajaji zinazimwa, kahawa inaagizwa, watu wanaulizana: safari hii wanatuletea nani? Jibu tunalijua kabla halijatangazwa. Wanatuletea mtu ambaye miaka kumi iliyopita tulikata picha yake gazetini tukaibandika ukutani. Anashuka na basi la usiku, begi moja, goti limefungwa bandeji. Kesho yake anapigwa picha ameshika jezi, katibu wa klabu kasimama ubavuni anacheka mpaka magego yanaonekana, na chini ya picha wameandika: "Karibu nyumbani, mwamba." Nyumbani wapi, jamani? Mtu kazaliwa pwani, kacheza Dar tangu ana ndevu tatu, Mbeya alikuwa anaijua kwa dakika tisini na usiku mmoja wa baridi!

Hapo masonyo yanaanza. Dereva wa bajaji anasonya. Fundi viatu anasonya bila kuinua kichwa. Mzee wetu mmoja, aliyeishuhudia Tukuyu Stars, Banyambala, ikibeba ubingwa wa Bara mwaka 1986 ikiwa ndiyo kwanza imepanda, husonya mara mbili: moja ya sasa, moja ya zamani. "Shikamoo zao zimekwisha Kariakoo," anasema, "sasa wanakuja kuzidai huku milimani. Enzi za Banyambala, Dar ndio waliokuwa wanapanda kuja kutuomba wachezaji." Tunamkumbusha, kwa adabu zote, kwamba Banyambala haohao mwaka uliofuata walishuka daraja. Anajifanya hajasikia, anaomba kashata.

Nami nasonya, msinione mstaarabu. Ila sonyo langu halimwendei mchezaji. Linapita juu ya kichwa chake, linakwenda kwa yule katibu anayecheka kwenye picha.

Kijiwe kina tabia ya kusahau, kwa hiyo tukumbushane. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, iliingia Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na watoto ambao Kariakoo hakuna aliyekuwa na habari nao. Kocha Juma Mwambusi, uwanjani akina Deus Kaseke, Paul Nonga, Mwagane Yeya. Koma Kumwanya, kama wanavyojiita! Wakamaliza nafasi ya tatu na pointi 49, nyuma ya Azam na Yanga, Simba akiwachungulia kutoka chini. Azam walipotwaa ubingwa wao wa kwanza, Aprili 2014, ilibidi waje wautolee jasho hapahapa Uwanja wa Sokoine, 2-1, na watu walitoka uwanjani vifua mbele utadhani kombe limebaki Mbeya. Msimu ule mkongwe pekee aliyehitajika pale alikuwa mzee wa kukata tiketi getini.

Halafu Dar wakaja na mabegi. Mwaka 2015 Kaseke akaenda Yanga. Mwambusi naye mwaka huohuo akaitwa Jangwani kuwa kocha msaidizi. Basi lililowashusha vijana Ubungo likageuza na wakongwe. Juma Nyosso alikwishatangulia. Akaja Juma Kaseja. Akaja Haruna Moshi, Boban, fundi aliyewahi kucheza Sweden na Gefle mwaka 2010. Desemba 2016 akaja Mrisho Ngassa.

Ngassa kuvaa jezi ya City! Huyu ndiye aliyekwenda West Ham kufanya majaribio mwaka 2009. Huyu ndiye aliyeingia uwanjani Julai 2011 na jezi ya Seattle Sounders kucheza na Manchester United. Taifa Stars kaifungia mabao 25, na kwa miaka mingi hakukuwa na wa kumsogelea. Alikuwa anatokea Fanja ya Oman, na kabla ya hapo Free State Stars ya Afrika Kusini. Kijiwe, kama kawaida yake, kikahukumu: kafuata hela. Hela ipi, ndugu zangu? Halmashauri inayochangisha madawati ina hela ya kumtoa mtu Oman? Kwenye benchi la City alikuwapo Kinnah Phiri, Mmalawi aliyemfundisha kulekule Free State Stars. Ngassa alimfuata mwalimu wake. Mtu mzima anayemfuata mwalimu wake umri ule, mimi namvulia kofia.

Lakini tukubaliane kwamba tulimtaka Ngassa wa 2010 na aliyefika ni wa 2016. Winga mali yake ni mbio, na mbio ndiyo mali ya kwanza kuibiwa na umri. Akili inabaki, krosi inabaki, ila yule beki wa pembeni ambaye zamani angeachwa hatua tatu sasa anaachwa hatua moja, na hatua moja beki anaifidia kwa mkono wa jezi. Alicheza, hakutia aibu, na nusu msimu ilipokwisha akaenda zake Ndanda, Mtwara. City haikushuka. Wala haikurudi nafasi ya tatu. Nani alaumiwe? Aliyeuza mbio zilizokwisha, au aliyezinunua bila kuuliza?

Na hapa niseme jambo moja ambalo watu wa Dar hawalielewi. Wanadhani adui wa mgeni huku ni baridi. Baridi ni koti tu, Mwanjelwa mitumba imejaa. Adui ni pumzi. Jiji letu liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa haikuachwa mbali. Kijana wa miaka 22 akitoka Dar anahema wiki mbili, anazoea. Wa miaka 34 anahema mpaka mkataba wa miezi sita unaisha. Halafu kuna barabara. Kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, unashuka Kitonga umeshika kiti cha mbele, unavuka Mikumi usiku, unafika asubuhi, jioni mechi. Wiki inayofuata wanakwambia safari nyingine ndefu kama hiyo. Goti lililopasuliwa mara mbili halipendi kukunjwa kwa saa 14 kwenye kiti cha basi. Simba na Yanga wanapanda ndege. Mkongwe aliyezoea ndege kwa miaka minane anarudishwa barabarani siku zilezile mwili wake unapoihitaji ndege kuliko wakati wowote. Sasa akichechemea dakika ya 60 wewe wa jukwaani unapiga miluzi.

"Kaka, mbona Kaseja hakuchechemea?" ananiuliza bwana mdogo mmoja anayeuza laini za simu, mbishi kwelikweli.

Swali zuri. Kaseja nimemweka akiba.

Mwaka 2003, akiwa kinda wa Simba, alisimama golini Cairo kwenye penalti dhidi ya Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, na Simba ikawatoa na kuingia hatua ya makundi. Kwa zaidi ya miaka kumi jina lake likawa la kwanza kuandikwa kwenye karatasi ya kocha. Alipotua Mbeya City mwaka 2015, kijiwe hikihiki, kwa midomo hiihii inayokunywa kahawa leo, kilisema kaja kuaga. Akadaka msimu, akaenda Kagera Sugar, akaenda KMC. Kila alikopita watu wakisema kaja kuaga. Agosti 2019 Taifa Stars inakwenda Kasarani kurudiana na Kenya kufuzu CHAN, nani yuko golini? Kaseja, miaka 34. Mechi ikaisha bila bao, ikaja penalti, Tanzania ikapita 4-1. Mwezi uliofuata ikaja Burundi pale Dar, kufuzu Kombe la Dunia, penalti tena, 3-0, Kaseja tena. Nchi nzima ikaimba. Sisi wa Mbeya tukajifanya tulijua tangu mwanzo!

Kipa ni kazi ya macho na ya kupiga kelele, na vyote viwili umri huvinoa. Beki wa kati naye anaweza kusogea mpaka 36 ikiwa jirani yake ana mbio. Kiungo wa chini vilevile, mradi asitumwe kukimbiza watu. Straika wa kugeukia ndani ya boksi ana miaka yake. Winga hapana. Hili kila mtu anayecheza bonanza la Jumapili analijua mwilini mwake, lakini kamati ya usajili haijui. Kamati ya usajili inajua jina.

Msinielewe vibaya, siyo wote wako hivyo: chukueni Ihefu. Ile timu ya Ubaruku, Mbarali, Mbogo Maji, ilikuwa na wakongwe na ilijua kuwatumia. Novemba 29, 2022, Yanga imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, imekwenda Highland Estates katikati ya mashamba ya mpunga kutafuta ya 50. Yanga wakaanza kufunga. Never Tigere, Mzimbabwe aliyekuwa amepita Azam, akasawazisha. Lenny Kissu akamaliza, 2-1. Kikosini mlikuwa na watu wazima kama Juma Nyosso, na kwenye benchi nani? Mwambusi, yuleyule wa 2014, amerudi kutoka Dar na mvi zake. Siku ile hakuna aliyesonya kuanzia Igawa mpaka Tunduma. Hata mashabiki wa Yanga wa huku walisonya kwa ndani.

Kisha nini? Msimu uliofuata Ihefu ikabebwa nzimanzima kwenda Singida, na leo inaitwa Singida Black Stars. Ubaruku wamebaki na uwanja na mpunga. Kwa hiyo mtu akija hapa kunilalamikia kwamba mkongwe fulani hana mapenzi na jezi, kakaa miezi sita kaondoka, namwonesha njia ya Mbarali. Timu yenyewe imehama na kubadili jina, sembuse mchezaji!

Sasa KenGold. Hii inauma, kwa hiyo niiseme haraka. Vijana wa Chunya, kwenye dhahabu, walipanda Ligi Kuu msimu wa 2024/25 wakawa wanacheza Sokoine. Kufika Januari 2025 wako mkiani. Dirisha dogo lilikuwa wazi, mkono ukaingia mfukoni, wakatangazwa Bernard Morrison, Mghana aliyezichezea Yanga na Simba zote mbili, na Obrey Chirwa, Mzambia aliyepita Yanga na Azam. Kijiweni tuligawanyika. Wengine walisema sasa mtaona. Mzee wa Banyambala akasema, "Tutaona nini? Mgonjwa yuko kitandani anakata roho, mnamletea suti." Timu ikashuka baada ya msimu mmoja tu. Na bao lililozungumzwa kuliko yote waliyofunga, lile la Februari siku waliyopigwa 6-1 na Yanga, halikufungwa na jina kubwa. Lilifungwa na Seleman Bwenzi, kutoka karibu na duara la kati, kipa akiwa ametoka. Kijana ambaye wengi wetu tulilazimika kuuliza, huyu nani?

Wa Iringa wakisikia jina la Chirwa wanapata kichefuchefu cha aina yake. Ukipita Miyomboni ukawaambia kamwene, wakakuitikia vizuri, usithubutu kutaja Lindi. Juni 2019, fainali ya Kombe la Shirikisho, Uwanja wa Ilulu, Lipuli na Azam. Lipuli, Wanapaluhengo, timu iliyokaa nje ya Ligi Kuu miaka zaidi ya 15 kabla ya kurudi msimu wa 2017/18, sasa iko dakika 90 kutoka kwenye ndege ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Bao moja tu. Chirwa. Akiwa na miguu yake kamili, siyo ile tuliyoletewa Chunya miaka karibu sita baadaye.

Lakini Lipuli ile ndiyo ninayotaka kuwaonesha makatibu wetu. Kocha wake alikuwa Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, mtu aliyewahi kuwapigia kelele akina Kaseja mazoezini. Huyu mkongwe hakuja Iringa kukimbia. Alikuja kuwakimbiza wengine. Hata kabla ya fainali ile vijana wa Lipuli walikuwa wanaonekana: Asante Kwasi alikwenda Simba kutoka Uwanja wa Samora, Adam Salamba akafuata. Na mbele, kwenye ushambuliaji wa 2018/19, alikuwapo Paul Nonga, yule mtoto wa City ya 2014, ambaye sasa alikwishapita Mwadui na Yanga na kurudi Nyanda za Juu akiwa mtu mzima anayejua mpira unatokea wapi. Hakuletwa Januari kuzima moto. Aliletwa acheze, akacheza, akafunga. Mwaka mmoja baada ya Lindi Lipuli ilishuka, Matola akiwa amekwishaondoka, na tangu 2020 Iringa haina timu Ligi Kuu. Ukimuuliza mtu wa Kihesa sababu atakwambia hela. Sibishi.

Maana hela ndiyo inayozaa huu wazimu wa Januari. Mwaka 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa haki za televisheni wa miaka kumi, shilingi bilioni 225.6. Klabu ikiwa Ligi Kuu inapata fungu lake. Ikishuka Championship fungu linanyauka, wadhamini wanaacha kupokea simu, na diwani aliyekuwa anakaa jukwaa kuu anakumbuka ana kikao. Sasa wewe katibu, mzunguko wa kwanza umekwisha, una pointi sita, wanachama wanataka kukuvunjia vioo. Ufanye nini? Kocha anakwambia nipe vijana wawili wenye mbio kutoka mkoani. Hakuna atakayepiga picha nao. Lakini jina kubwa linakununulia wiki tatu za amani: wiki ya kutangaza, wiki ya kumsubiri apate leseni, wiki ya kusema bado anazoea hali ya hewa. Kufikia hapo umekwishafungwa mechi nyingine tatu, na lawama unamwachia yeye. "Tulimsajili, hakutusaidia." Msyuuu! Mkongwe anasajiliwa awe kinga ya katibu.

Na malipo yake? Anaahidiwa dau, anapewa robo, iliyobaki "tukipata ya mlangoni". Mlangoni kwenyewe Jumatano saa nane mchana na mvua ya Mbeya, mnaingia watu wangapi? Chumba kalipiwa miezi miwili. Mwezi wa nne unamkuta mtu aliyewahi kuimbwa na uwanja mzima wa Taifa anamwomba muuza chipsi amwandike kwenye daftari. Haya tunayaona, tunajifanya tunatazama pembeni, maana kumcheka ni rahisi kuliko kumuuliza, kaka, wamekulipa?

Sasa vukeni barabara mwende kwa Wajelajela. Tanzania Prisons wako hapahapa Mbeya, uwanja uleule wa Sokoine, baridi ileile, na mwaka 1999 walibeba Ligi ya Muungano. Mmewahi kusikia kelele za mkongwe Prisons? Salum Kimenya, Laurian Mpalile, Jeremiah Juma, Benjamin Asukile. Hawa watu wamecheza pale mpaka watoto waliokuwa wanawaokotea mipira wakawa na ndevu. Hatukuwaona kama wakongwe walioletwa kwa sababu hawakuletwa. Walizeekea palepale. Timu ni ya Jeshi la Magereza, na mchezaji anayeajiriwa na jeshi anajua kwamba siku akitundika daruga kuna gwanda, kuna mshahara tarehe yake, kuna kiinua mgongo mwisho wa safari. Mtu wa namna hiyo akiwa na miaka 33 anacheza kwa akili iliyotulia. Hana sababu ya kusaini miezi sita Chunya, miezi sita Mtwara, miezi sita Musoma. Wa uraiani hana gwanda. Akiacha kucheza leo, keshokutwa ni mtu anayesimulia. Mnataka aache? Nani kati yenu, nyie madereva, amewahi kuegesha bajaji kwa sababu imefikisha miaka kumi?

Bwana mdogo wa laini za simu ananirudia: "Lakini, kaka, Ulaya wanaacha kwa heshima." Ulaya gani hiyo? Jay-Jay Okocha wetu sote, baada ya kutamba Bolton, alipita Qatar kisha akamalizia Hull City, daraja la pili la Uingereza, msimu wa 2007/08. Na Japani yupo Kazuyoshi Miura, amezaliwa 1967, narudia, 1967, mwaka wa Azimio la Arusha! Mwaka 2024 alikuwa bado anasajiliwa Atletico Suzuka, daraja la nne. Hakuna anayejidanganya kwamba atakimbia. Watu wanakwenda kumtazama, wanalipa kiingilio, wanarudi nyumbani wameridhika. Tofauti na sisi ni kwamba pale kila mtu anajua kanunua nini.

Tena hata hao wakubwa wa Kariakoo wasitutambie. Yanga walipofulia, baada ya mwenyekiti wao, Manji, kuondoka mwaka 2017, waliokwenda kuwabeba akina nani? Ngassa huyohuyo tuliyemwona kachoka Sokoine alirudi Jangwani mwaka 2018. Boban huyohuyo akatolewa African Lyon katikati ya msimu, akavaa kijani na njano, na timu ile ya kocha Mwinyi Zahera isiyo na senti ikamaliza ya pili. Aliyeshindwa kukimbia Mbeya akakimbia Dar? Hapana. Alipangwa panapomfaa, akazungukwa na vijana, akapewa kazi anayoiweza na siyo kazi ya kufufua maiti. Na Dar pumzi zipo, hilo nalo nalikubali.

Mzee wa Banyambala leo kanikatalia katakata. Anasema namtetea mchovu. Anasema kila jezi anayopewa mkongwe imevuliwa kwa mtoto wa Ilomba au wa Rungwe, na mtoto huyo hatasubiri, atakwenda kuendesha bodaboda. Hapo kanibana, sina jibu la haraka. Ni kweli nafasi ni 11 tu. Ila nikamuuliza, mzee wangu, yule Mbwana Makata wa Tukuyu Stars yenu, ambaye baadaye amefundisha timu za huku, Prisons na Mbeya Kwanza zikiwamo, angejifunzia wapi ualimu kama wakubwa wake wa wakati ule wangefukuzwa siku ya kwanza ya mvi? Akanyamaza. Akasonya, lakini sonyo fupi, la mtu aliyekubali nusu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, na nyie wa Miyomboni ikiwafikia mnijibu. Mkongwe asajiliwe Julai, siyo Januari. Asajiliwe kwa namba anayoweza kuicheza leo na siyo aliyoicheza kwenye picha yetu ya ukutani. Mkataba uandikwe msimu mzima, na ndani yake iandikwe kwamba asubuhi anafundisha vijana, na klabu imlipie kozi ya leseni ya ukocha, maana gharama yake ni ndogo kuliko dau la kudanganyana. Mbeya City wamerudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26 baada ya kuonja Championship miaka miwili, KenGold wameshuka wanahangaika kurudi, Iringa wanasubiri. Wote hao watapigiwa simu na mawakala wenye majina makubwa mkononi. Wapokee simu. Waulize goti.

Na wewe kaka yetu unayepakia begi Dar sasa hivi kuja huku, karibu sana, tutakusonya kidogo halafu tutazoeana. Koti nunua Mwanjelwa, bei ni nafuu. Ila wakikuita upige picha na jezi, usiishike kabla hawajakuwekea nusu ya dau benki na kukuonesha risiti ya kodi ya nyumba ya miezi yote.